Kabla ya Kuuliza Mwaka, Uliza Nyumba

Msomaji mmoja wa Tanga ameniletea swali ambalo nimelipenda tangu nilipolisoma. Anatafuta amplifaya ya mtumba na amepata mbili za aina moja, zote za Kijapani, zote za miaka ya 1980. Ya kwanza imetoka Dodoma, ambako ilikuwa ikipiga muziki baa kila jioni. Ina mikwaruzo, kitufe kimoja kimeng'oka, na ukiinamia matundu yake unasikia harufu ya sigara. Ya pili iko Raskazone, palepale Tanga, katika nyumba iliyo karibu na bahari. Imekaa sebuleni miaka mingi chini ya kitambaa cha kufuma, haijawashwa tangu mzee mwenye nyumba afariki, na inang'aa utadhani imetolewa jana kwenye boksi. Muuzaji wa hii ya pili anataka bei kubwa zaidi, kwa sababu, anasema, "haijachezwa". Msomaji anauliza kama ni kweli kwamba kifaa kisichotumika huwa kizima zaidi.

Jibu langu ni kwamba achukue ya Dodoma. Na hata kama zote mbili zingekuwa za Raskazone, moja ikiwaka kila siku na nyingine ikiwa pambo la sebule, bado ningemwambia achukue inayowaka. Vijana wa madukani hutaja kwanza mwaka wa kutengenezwa na jina la kampuni. Mimi ningeuliza kwanza kifaa kiliishi wapi, halafu kiliwaka mara ya mwisho lini. Maswali hayo mawili yakijibiwa kwa ukweli, mengi yanayobaki unaweza kuyakisia kabla hujafungua hata skrubu moja.

Sitazungumzia wati wala ohmu, wala namna amplifaya inavyokuza sauti. Hayo yameandikwa kila mahali. Nitataja volti tu, kwa sababu zinaunguza vifaa vingi: kilichotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kinataka volti 100, na nyumbani kwetu zipo 230. Soma kibandiko cha nyuma. Sasa twende kwenye chumvi, kwa maana chumvi ndiyo kiini cha swali hili.

Bahari haitoi mvuke wa chumvi. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki chini, kama wavunaji wa chumvi wa pwani wanavyojua tangu enzi. Chumvi hufika sebuleni kwa njia nyingine. Wimbi likivunjika hufungia hewa ndani ya maji. Hewa hiyo hupanda ikiwa mapovu, na kila povu linapopasuka juu, ngozi yake nyembamba hutawanyika kuwa matone madogo mno. Kisha lile shimo lililoachwa na povu hujifunga kwa kasi na kurusha juu matone mengine. Upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, huyachukua matone hayo, yakapungua maji njiani, yakaingia dirishani na kutua kwenye kila kitu. Makubwa huanguka mapema, ndiyo maana nyumba zilizo mita mia chache kutoka ufukweni hupata sehemu kubwa ya mzigo huo. Dodoma iko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini. Vumbi lake ni jingi na jekundu, lakini si vumbi la chumvi ya bahari.

Kinachotua sebuleni kwa mzee wa Raskazone si chumvi ya mezani tupu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila namna. Zaidi ya robo tatu yake ni kloridi ya sodiamu, ile tunayotia mchuzini. Karibu sehemu moja ya kumi ni kloridi ya magnesiamu, ile inayoyafanya maji yanayosalia kwenye mashamba ya chumvi kuwa machungu. Shika hilo la magnesiamu, tutalihitaji.

Chembe ya chumvi kavu iliyotua kwenye bodi ya amplifaya haina madhara makubwa. Chumvi kavu haipitishi umeme. Hatari huanza pale inapokunywa maji ya hewani hadi ikageuka tone. Kila mpishi wa pwani amekuta chumvi yake imelowa ndani ya kopo lililofunikwa, wakati wa masika, bila mtu kuimwagia maji. Jambo hili nimelitafutia nomino. "Kuyeyuka" kunachanganya na barafu, ambayo huyeyuka kwa joto, na "unyevu" ni wa hewa, si wa chumvi. Kwa kuwa wapishi wamekwisha kusema chumvi "inalowa", nitaiita tabia hiyo "ulowevu", na nitalitumia neno hilo hadi atokee atakayeleta lililo bora.

Ulowevu una kiwango chake, na kiwango hicho ni kikali kama mpaka wa nchi. Kloridi ya sodiamu safi, kwenye joto la nyuzi 25, hubaki kavu mpaka unyevu wa hewa ufike asilimia 75. Hewa ikifika hapo, chembe yote huanza kulowa na haisimami mpaka igeuke tone la maji ya chumvi. Kwenye 74 ni kokoto, kwenye 76 ni tone. Kloridi ya magnesiamu haina subira hiyo: hulowa kwenye asilimia 33 tu. Chumvi ya mawe inayovunwa pwani hulowa upesi kuliko ile ya pakiti iliyosafishwa kwa sababu bado ina mabaki ya magnesiamu.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Ungetarajia kwamba tone lililozaliwa kwenye asilimia 75 lingekauka hewa ikirudi chini ya asilimia 75. Halikauki. Tone safi la chumvi linaweza kubaki tone kwenye 70, kwenye 60, hata kwenye 50, na hukauka ghafla tu unyevu unapofika karibu asilimia 45. Mlango wa kuingilia uko 75, wa kutokea uko 45.

Kwa nini? Fikiria uwanja wa shule ya msingi asubuhi. Wanafunzi wamesimama mstarini, mvulana, msichana, mvulana, msichana, kila mmoja ameshikana mikono na jirani zake. Ndivyo zilivyo ioni za sodiamu na za kloridi ndani ya chembe kavu: safu juu ya safu, zikipokezana. Unyevu ukifika 75, kengele ya mapumziko imelia. Maji yanapenya kati ya mikono, mistari inavunjika, watoto wote wanatawanyika uwanjani. Hapo hakuna anayesita, kwa sababu anayesimama mwisho wa mstari ana mkono mmoja uliobaki wazi, na akitoka yeye, aliye nyuma yake anabaki naye mkono wazi.

Kengele ya kurudi inalia. Unyevu umeshuka hadi 70. Kwa hesabu, watoto wangekuwa mstarini. Lakini mstari haupo, na mstari hauwezi kuanza bila wa kwanza. Wawili watatu wakisimama na kushikana mikono, wote wako pembeni, wote wana mikono iliyo wazi, hakuna aliye katikati akashikwa pande zote. Wanaopita mbio wanawavuta, nao wanatawanyika tena. Wengine wanne wanajaribu upande wa pili, yanawakuta yaleyale. Kundi dogo lina pembe nyingi kuliko katikati, kwa hiyo kila kundi dogo hufa kabla halijakua. Wakati huo maji yanaendelea kuondoka kidogo kidogo, maana yake uwanja unasinyaa. Watoto ni walewale, nafasi inapungua. Unyevu ukifika 60 wanasukumana, ukifika 50 wamebanana. Hatimaye, karibu na 45, kundi moja kwa bahati linajikuta kubwa vya kutosha hivi kwamba walio katikati ni wengi kuliko walio pembeni. Kundi hilo halivunjiki tena. Kila anayeligusa anashikwa mkono, na kabla hujapepesa jicho shule nzima iko mstarini. Tone limekuwa kokoto.

Magnesiamu ndiye mwanafunzi asiyerudi. Ioni yake imezungukwa na molekuli sita za maji, na haikubali kuziachia. Wenzake wakiwa wamekwisha kupanga mstari, yeye bado yuko pembeni na maji yake, na hayo yanatosha kuacha utando mwembamba wa maji machungu juu ya chembe iliyoonekana kukauka. Utando huo hudumu angalau mpaka hewa ishuke karibu asilimia 33.

Kwa kifaa cha pwani, maana yake ni hii. Usiku wa Tanga unyevu hupita 75 bila shida, kwa hiyo chumvi hulowa. Mchana hewa huwa kavu kidogo, lakini ni nadra kufika 45, achilia mbali 33. Chembe iliyolowa mara moja inaweza kukaa majuma bila kukauka. Sebule ile, ambayo mgeni angeiona kavu na safi, imekuwa ikiiweka amplifaya chini ya utando wa maji ya bahari. Dodoma mchana wa kiangazi hewa hushuka chini ya 45 mara kwa mara, na hata kama chumvi ingekuwepo, ingepata siku nyingi za kukauka.

Amplifaya inayowaka hujitengenezea Dodoma yake ndani ya sanduku. Chukua hewa ya jioni ya pwani, nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Ipashe moto mpaka nyuzi 40, joto la kawaida ndani ya amplifaya iliyokwisha kupiga muziki kwa muda. Maji yaliyomo hayajaongezeka wala kupungua, lakini hewa ya moto ina uwezo mkubwa zaidi wa kubeba maji, kwa hiyo ule unyevu wa asilimia 80 unakuwa takriban 41. Tumepita mlango wa kutokea! Kila jioni mzee alipokuwa akiwasha amplifaya yake kusikiliza taarabu, alikuwa akiikausha chumvi iliyokuwa ndani. Alipofariki na kifaa kikafunikwa kitambaa, ukaushaji huo ulikoma, na hakuna aliyetambua kwa sababu kwa nje kilizidi kung'aa.

Maji ya chumvi yakikaa juu ya shaba, risasi na chuma huvila taratibu, hilo halishangazi. Kinachokuja baadaye ndicho hatari zaidi. Siku mnunuzi anapochomeka kifaa kilicholowa, volti zinatokea kati ya njia mbili za shaba zilizo karibu, na kati yao kuna utando unaopitisha umeme. Kwenye upande chanya metali huyeyuka na kuwa ioni. Ioni hizo husafiri ndani ya utando kuelekea upande hasi, na zikifika hugeuka tena kuwa metali. Kila ioni hupendelea kutua kwenye ncha iliyo karibu zaidi, kwa hiyo metali hiyo haijengi ukuta bali matawi membamba yanayokua kurudi kule zilikotoka. Tawi moja likivuka pengo, njia mbili zimeunganishwa. Mwaka 1955 watafiti wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha maelezo ya namna madini ya fedha yanavyohama hivyo katika vifaa vya simu, na fedha ndiyo yenye haraka kuliko metali zote katika safari hii. Shaba hufuata kwa mwendo wake. Kifaa kilichokaa kimya miaka kumi kinaweza kuimba vizuri usiku wa kwanza kisha kikafa katika juma la pili, na mnunuzi akalilaumu shirika la umeme, Tanesco.

Najua fundi atanikumbusha kapasita, kwamba joto huzikausha. Ni kweli, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake nusu. Lakini kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85, ikifanya kazi kwenye nyuzi 45, hupata takriban saa 32,000, ambazo kwa saa nne kila jioni ni zaidi ya miaka 20. Nazo hubadilishwa, shaba ya bodi iliyoliwa hairudi. Pia amplifaya inayowaka huvuta hewa nyingi zaidi, na chumvi nyingi zaidi, na vumbi linaweza kuisaidia chumvi kupata mstari wake wa kwanza mapema kidogo. Hayo yote hayabadilishi uamuzi wangu.

Spika ni habari nyingine, kwa sababu hazijipashi moto vya kutosha kujikausha. Ile sponji inayozunguka koni mara nyingi ni poliyurethani, na kuna aina yake ambayo maji huikata minyororo ya molekuli. Kila mkato huzaa asidi, na asidi huharakisha mkato unaofuata, kwa hiyo sponji huonekana nzima miaka mingi halafu ikavunjika kwa msimu mmoja. Ibonyeze taratibu kwa kidole: ikiacha alama au unga, imekwisha, hata kama nyumba ilikuwa ya waziri. Kemia hiyohiyo ndiyo iliyozifanya kanda nyingi za studio za miaka ya 1970 na 1980 kunata, na wahifadhi huzipasha moto wa takriban nyuzi 54 kwa saa kadhaa ili ziweze kuchezwa tena. Kwa spika, basi, nyumba kavu ya bara inashinda nyumba ya pwani hata ikiwa na fujo za watoto.

Moshi wa sigara wa ile baa ya Dodoma huacha utando unaonata kwenye swichi na vidhibiti vya volyumu. Unakera, unafanya sauti ikwaruze, lakini husafishika. Mende hupenda uvuguvugu, hivyo amplifaya inayowaka kila siku huwavutia, na kinyesi chao hula bodi, angalia. Nyumba iliyo jirani na mikoko ina shida yake: matope yale hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, na gesi hiyo huifanya fedha iliyo kwenye migusano ya swichi kuwa nyeusi. Na kama kifaa kimetoka Uingereza au Japani, kumbuka kwamba nyumba yake ya mwisho kabla ya hii ilikuwa kontena, majuma mengi baharini, joto mchana na baridi usiku, bati likitoa jasho juu ya mizigo.

Ukifika kwa muuzaji, usianze na kioo cha mbele, maana hapo ndipo kila mtu hufuta. Geuza kifaa. Tazama vichwa vya skrubu za nyuma na soketi za waya. Kisha mulika tochi kupitia matundu ya juu na utafute transfoma, lile tofali zito la chuma. Kingo zake ni mabati yaliyokatwa, mara nyingi bila ulinzi zaidi ya vanishi, na huandika historia ya nyumba kwa uaminifu. Kutu ya madoa madoa, kila doa likiwa na kitovu chake, huniambia chembe za chumvi zilitua hapo moja moja. Kutu iliyo juu, chini ya matundu, imekuja na hewa. Iliyo chini tu, miguuni, ni ya sakafu iliyopigwa deki au ya mafuriko. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, punguza bei au ondoka.

Halafu muulize muuzaji kiliwaka mara ya mwisho lini, na uombe kukisikia kwa muda mrefu, si wimbo mmoja. Lakini kama kimekaa pwani bila kuwaka, usikubali kiwashwe mbele yako kwa majaribio. Umeme wa kwanza katika hali hiyo ndio unaoleta madhara. Kipeleke kwa fundi redio kikiwa kimezimwa, yeye atoe kwanza umeme uliobaki kwenye kapasita, kwa kuwa zinaweza kumpiga mtu hata baada ya plagi kutolewa.

Naye mwambie jambo moja kwa msisitizo. Mafundi wetu wengi husafisha bodi kwa petroli au thina. Vimiminika hivyo huondoa mafuta na moshi wa sigara vizuri sana, na bodi hutoka ikimeta, lakini petroli haiyeyushi chumvi. Hata spiriti ya kusafishia huiyeyusha kidogo mno. Chumvi hutolewa kwa maji yasiyo na chumvi: bodi isuguliwe kwa brashi laini na maji yaliyochujwa kwa mvuke, ifuatiwe na spiriti ya kufukuza maji, kisha ikaushwe kwa hewa ya uvuguvugu mpaka fundi aridhike, ndipo iguswe na umeme. Transfoma, relei na vidhibiti vya volyumu visilowekwe. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Hakikisha unapewa maji baridi. Yale makali ni asidi, na yatamaliza kazi ambayo bahari ilikuwa imeianza.